Nyuzi za Mgomba Nilizoziosha Mara Moja Tu

Alhamisi, mwezi wa kumi na mbili, Dzaleka. Mvua ilianza Jumatatu na mpaka leo haijapumzika vizuri. Jioni hii imepungua, inadondoka moja moja juu ya bati, na kila tone nalihesabu.

Ninaogopa.

Nimeliandika kwanza neno hilo ili lisinizunguke tena. Jasi bado iko kwenye kucha zangu, nimeosha mara tatu haitoki, na vidole vinakosea herufi kwenye simu. Mkiona makosa mnisamehe, nyinyi wachache mnaopitaga huku kwenye ukurasa wangu.

Kwa asiyenijua: naitwa Nsimire, natoka Bukavu, na hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, natengeneza plafon, yaani dari, za jasi. Kazi hii nilifundishwa na baba yangu. Unakoroga unga wa jasi na maji, unamwaga kwenye kalibu, na kabla haijakauka unatandika nyuzi ndani yake. Jasi peke yake ni kama biskuti, ukiikunja kidogo inakatika. Nyuzi ndizo zinazoishika. "Jasi njo nyama," baba alikuwa anasema, "nyuzi njo mishipa."

Hata kuitundika hatutumii misumari. Unachukua fungu la nyuzi, unalichovya kwenye jasi laini, unalizungusha kwenye mbao za paa na kulishikisha mgongoni mwa plaki, kile kipande cha jasi kilichotoka kwenye kalibu. Likikauka linakuwa gumu kama mfupa. Plafon nzima, uzito wake wote, inaning'inia kwenye nyuzi.

Huwa tunatumia katani, kutoka kwenye mikonge ambayo watu wameipanda kama ua njia ya kwenda Dowa. Anayezitengeneza nyuzi ni Mama Vestine, Mnyarwanda, jirani yangu na mwenzangu wa kazi tangu mwanzo. Anaparua majani, anaosha, anaanika. Mikono yake imekuwa migumu kama ubao wa kufulia. Mwezi wa tisa katani ilituishia, tukaamua kujaribu migomba. Mgomba ukishazaa unakatwa na kuachwa uoze shambani, hakuna anayeutaka, na nyuzi zake ni laini na zina nguvu. Wazo lilikuwa zuri. Mpaka leo nasema lilikuwa zuri.

Lakini utomvu wa mgomba una sukari, na sukari na jasi hazipatani. Penye sukari jasi haikamati, inabaki unga tu kuzunguka uzi. Kwa hiyo nyuzi za mgomba lazima uzichemshe, uzioshe, ubadilishe maji, uoshe tena, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Mama Vestine alikuwa anabadilisha maji mara nne.

Wiki moja Mama Vestine alilazwa na malaria. Nasale moja, shule ya watoto wadogo ya Mtandire, kule Lilongwe, ilikuwa inasubiri plafon yake. Kuni zilikuwa mbichi. Nilikuwa nimechoka. Nikaziosha mara moja tu, sikuzichemsha, nikaanika.

Zilionekana safi.

Mama Vestine alipopona aliniuliza kama nimezichemsha. Nikamwambia ndiyo.

Hilo sijawahi kumwambia mtu. Ndilo limenikaa shingoni kuliko yote ya leo.

Sasa ya leo yenyewe. Kesho kuna wageni wa mradi mmoja wanakuja kuangalia kazi yetu. Wanataka kuona kama plafon za nyuzi za hapa hapa zinaweza kuwekwa kwenye nyumba nyingi za bei nafuu. Tumewasubiri tangu mvua za mwaka jana. Kwa hiyo asubuhi Mama Vestine alisema tutoe ile plaki moja iliyobaki kwenye kazi ya nasale, tuipanguse, wageni waione. Ilikuwa imesimama nyuma ya mlango wangu, imegeukia ukuta.

Niliinua kwa pembe mbili. Ikajikunja katikati kama chapati.

Haikukatika, ilijikunja. Unga ukamwagika miguuni mwangu. Nikashika uzi mmoja uliochomoza nikauvuta, ukatoka wote, mrefu, mkavu, bila hata punje ya jasi juu yake. Nikavuta wa pili. Wa tatu. Ilikuwa kama kutoa unywele kwenye uji.

Mama Vestine aliniangalia. Yeye anazijua nyuzi kuliko mimi.

"Ulizichemsha, Nsimire?"

"Hapana."

"Uliniambia ulizichemsha."

"Nilikudanganya, Mama."

Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Nikawaza vile vifungo vya kule Mtandire, tulivyovikunja kwenye mbao za paa kwa nyuzi zile zile. Chini ya vifungo vile, kila siku baada ya uji, watoto wadogo wanalala kwenye mikeka. Na ni siku ya nne ya mvua.

"Nyamaza kwanza," Mama Vestine akasema polepole. "Bageni banakuja kesho. Tukisema leo kazi yetu iko mubovu, nani atatupatia ingine? Wende Jumamosi, utazame kimya kimya."

"Kule kuko batoto, Mama."

"Najua kuko batoto." Akajifunika uso na kitenge. Baadaye akasema mle mle ndani ya kitenge: "Basi wende. Usiningojee mi nikuambie tena. Wende."

Nilimpigia simu Amayi Tionge, mwenye nasale. Imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Kutoka kambini kunahitaji barua ya ruhusa, na barua haipatikani kwa saa moja. Nilifunga kipande cha plaki kwenye mfuko wa plastiki, sijui kwa nini, labda ili mtu aniamini, nikapanda minibasi bila barua.

Njia nzima nilikuwa nasali sala moja isiyo na maneno mazuri: kusitokee kitu, kusitokee kitu. Kila minibasi ilipoingia kwenye shimo niliona plafon ikianguka.

Kwenye kizuizi cha polisi tulisimamishwa. Askari aliingiza kichwa dirishani, akatazama nyuso zetu, akanyoosha mkono kwangu. Nikampa kadi yangu ya ukimbizi.

"Barua ya ruhusa?" aliuliza kwa Chichewa.

"Sina, bwana."

"Shuka."

Nilishuka kwenye mvua, na minibasi ikaondoka. Sitaki kupamba: nilitaka kumdanganya. Nilikuwa na uongo tayari, kuhusu hospitali. Lakini kinywa kilikataa. Chichewa changu ni cha sokoni, cha kuuliza bei ya nyanya na kusema zikomo, asante, hakitoshi hata kwa uongo. Nikafungua mfuko nikamwonyesha ile plaki. Nikavuta uzi mbele yake, ukatoka mkavu. Nikaonyesha juu ya kichwa changu, kisha nikashusha kiganja mpaka kimo cha goti.

"Ana," nikasema. Watoto. "Ana akugona." Watoto wanalala.

Alichukua kipande, akavuta uzi yeye mwenyewe. Akauliza ni wapi, nikamwambia Mtandire. Akauliza namba ya mwenye nasale, akapiga kwa simu yake. Imezimwa. Alibaki ameshika simu sikioni muda mrefu baada ya kujua haitaita. Halafu akasimamisha pikapu iliyobeba kabichi, akaongea na dereva, akanirudishia kadi.

"Utarudi kupitia hapa kabla ya saa kumi," alisema. "Nitakuwepo. Usiponipitia, nitakutafuta."

Sikujua kama ananisaidia au ananitisha. Labda vyote viwili. Nilipanda.

Lilongwe nilichukua kabaza, bodaboda ya huku, mpaka Mtandire. Njia za kule zilikuwa matope, dereva aliniacha kabla ya mwisho nikamalizia kwa mguu, viatu mkononi. Nilitega masikio nisikie kelele za watu waliokusanyika, kama msiba unavyokuwa. Sikusikia kitu. Hilo nalo liliniogopesha.

Mlango wa nasale ulikuwa wazi. Watoto walikuwa wamelala.

Walikuwa zaidi ya thelathini, wamepangwa kwenye mikeka miguu kwa kichwa, midomo wazi, wengine na uji umekauka mashavuni. Viatu vyao vilipangwa kando ya ukuta. Juu yao plafon yangu ilikuwa na tumbo. Katikati ya chumba ilishuka kama shuka lililobeba maji, na mistari ya maungio, ile niliyoipigia msasa kwa siku mbili mpaka isionekane, ilikuwa imefunguka kiasi cha kupitisha kidole.

Amayi Tionge ni Mmalawi, mwalimu wa zamani, mama mnene mwenye sauti ya kanisa. Alinipokea kwa mikono miwili. Maneno yake nayaweka kwa Kiswahili.

"Pepani, Nsimire, samahani sana! Nilitaka kukupigia lakini hatuna umeme tangu juzi. Bati langu linavuja. Tazama lilivyoiharibu kazi yako nzuri. Ni kosa langu, ningeziba kabla ya mvua."

Shajara yangu, hapa lazima niandike polepole.

Alinipa njia ya kutokea. Alinipa bila mimi kuomba, akiwa ameniinamia, akiomba msamaha. Bati lilikuwa linavuja kweli, niliona doa la kahawia karibu na dirisha. Ningesema tu, ndiyo Amayi, ni maji, watoe watoto tuitengeneze. Watoto wangepona. Jina langu lingepona. Wageni wa kesho wangekuja na kuondoka na picha zao. Na nilihesabu yote hayo hapo nimesimama, watoto wanakoroma. Kwa muda wa pumzi mbili au tatu nilinyamaza. Sijui mwanamke yule aliyenyamaza ni nani, lakini alikuwa amevaa nguo zangu.

Bati lilikuwa linavuja dirishani. Tumbo la plafon lilikuwa katikati, mahali pakavu.

"Hapana, Amayi," nikasema. "Ndi kulakwa kwanga." Ni kosa langu. "Nyuzi sikuziosha vizuri. Hii itaanguka. Tuwatoe watoto sasa hivi."

Alinitazama kama nimemtukana. Akatazama juu. Akasema nje kuna mvua, watoto awapeleke wapi, na mimi nilikuwa tayari nimemwinua wa kwanza.

Tuliwabeba wawili wawili. Mama anayeuza mandasi mlango wa pili alisukuma meza yake na kutufungulia sebule, hakuuliza. Wengine waliamka wakalia, wengine hawakuamka hata mvua ilipowapiga usoni. Kila nilipoingia tena chumbani niliingia nimeinamisha shingo, kana kwamba kuinama kungesaidia. Mgongo wangu wote ulikuwa unasikiliza.

Amayi Tionge aliwahesabu kwenye sebule ya jirani, akahesabu tena, akaketi sakafuni katikati yao.

Watoto walikuwa wamepatikana wote. Ningetulia, lakini plafon ilikuwa bado juu, na mtu yeyote angeweza kuingia. Niliona afadhali niishushe mwenyewe, pembe kwa pembe, nikisimama mlangoni na mpini mrefu wa ufagio. Niligusa plaki ya kwanza. Nilisikia kifungo kikiachia huko juu, sauti ndogo, kama mtu anayevunja pingili ya mua.

Ndipo Amayi Tionge akanipita ubavuni akaingia ndani.

"Viatu," alisema. "Wazazi wao wataniuliza viatu."

Kifungo cha pili kiliachia. Cha tatu. Nilitupa ufagio nikamshika kitenge kiunoni kwa mikono yote miwili nikamvuta nyuma kwa nguvu ambazo sizijui, tukaanguka wote wawili kwenye matope nje ya mlango. Ndani palinguruma. Halikuwa anguko moja, lilikuwa safari, plaki baada ya plaki kutoka katikati kwenda kwenye kuta. Kisha vumbi jeupe likatoka mlangoni na kukutana na mvua.

Tulibaki tumekaa pale pale. Kitenge chake kilikuwa bado mkononi mwangu, sikuweza kufungua vidole.

Vumbi liliposhuka nilitafuta mikeka kwa macho. Haikuonekana mikeka, vilionekana vipande vyenye ncha, vingine vimesimama wima mahali ambapo dakika chache nyuma kulikuwa na vichwa. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Nimejaribu mara mbili nimefuta.

Viatu tulivitoa pamoja, kimoja kimoja, kutoka chini ya jasi. Vyote vilikuwa vyeupe. Amayi Tionge alikuwa anavipangusa kwa ncha ya kitenge na kuviweka jozi jozi kwenye baraza la jirani, na hakuniangalia. Wazazi walianza kufika. Mama mmoja kijana, amembeba mwanawe mgongoni tayari, alisimama akachungulia ndani ya chumba, akanitazama mimi niliyejaa unga mpaka kwenye kope. Nilingoja anitukane. Aliondoka tu, anatembea haraka, anakaribia kukimbia.

Nilimwambia Amayi Tionge nitaitengeneza upya, kwa katani, kwa jasho langu.

"Nenda nyumbani," alinijibu. "Sijui nikuambie nini. Labda siku nyingine nitajua. Leo nenda tu."

Nikaenda.

Askari alikuwepo kwenye kizuizi, chini ya mwavuli. Saa kumi ilikuwa bado. Aliona nywele zangu.

"Ana?" aliuliza.

"Ana ali bwino." Watoto wako salama.

Aliitikia kwa kichwa, akapiga bodi ya minibasi kwa kiganja, tukapita. Hapo ndipo nililia, kwa mara ya kwanza leo, na kondakta akajifanya haoni.

Nilidhani hofu ingeishia hapo. Nilifika nyumbani kabla giza halijaingia, Mama Vestine alikuwa amenipikia nsima, ugali wa huku, na maharage, akanishikisha sahani, akasikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza chumvi:

"Kwenye zile nyuzi tulitoa plaki ngapi?"

"Makumi mbili na ine."

"Nasale ilikamata ngapi?"

"Kumi na nane."

"Moja ilivunjika kwenye kalibu. Moja njo hii ya leo asubuhi." Aliniangalia. "Na zile ine?"

Niliweka sahani chini.

Zile nne. Mwanaume mmoja alikuja mwisho wa mwezi wa kumi na baiskeli, alikuwa ametembelea ndugu huku Dowa, akaziona zimeanikwa akazipenda. Alisema ni za chumba kimoja tu. Mkewe alikuwa karibu kujifungua, alitaka mtoto asipate joto la bati. Alisema nyumbani kwake ni Mitundu. Nilimfundisha mwenyewe jinsi ya kukunja vifungo, nikampa na fungu la nyuzi zilizobaki amalizie kazi. Fungu la nyuzi zile zile. Alifurahi sana kupewa bure.

Jina lake sikumuuliza. Namba ya simu sikuchukua.

Mtoto yule sasa bila shaka amezaliwa. Amelala chini ya plaki zile jioni hii wakati naandika, na mvua ya Mitundu sijui kama imekatika.

Mama Vestine amesema kesho wageni wakija atawapokea yeye. Atawaonyesha plaki iliyojikunja, atawavutia uzi, atawaambia kisa chote. "Nitabaambia nyuzi za mgomba ni nzuri," amesema, "wenye kuziosha njo tulikuwa babaya." Nimemwambia si sisi, ni mimi. Amesema anajua, lakini mbele ya bageni atasema sisi. Sikustahili hilo na nimelipokea.

Mimi minibasi ya kwanza ya asubuhi nitakuwemo. Barua ya ruhusa bado sina. Nitapita kwenye kizuizi kile kile, na sijui kesho nani atakuwa zamu. Kutoka Lilongwe nitashuka mpaka Mitundu, nitasimama sokoni niulize kila mtu: mwanaume mwenye baiskeli, mtoto mchanga, plafon nyeupe yenye jani kwenye kila pembe. Mji una watu wengi. Naogopa kutompata. Naogopa zaidi kumpata nimechelewa.

Najua wanaosoma ukurasa huu ni wachache, na wengi ni watu wa Bukavu walio mbali. Lakini huenda mmoja wenu ana rafiki Lilongwe, na rafiki ana shemeji Mitundu. Tafadhali, msinitumie pole. Tumeni habari hii. Plaki ni nne, nyeupe, za mraba, zina jani kwenye kila pembe, zilinunuliwa Dzaleka na mwanaume mwenye baiskeli. Kama ni zako, wewe baba uliyefurahi siku ile, mtoe mtoto chumbani hata kama anasinzia, hata kama nje kunanyesha. Mimi ndiye niliyekosa. Naja kuzishusha kwa mikono yangu.

Na kwa Chichewa, nimemwomba jirani Mmalawi aniandikie vizuri, maana kosa dogo hapa sitaki:

Musagone pansi pake. Usilale chini yake.